Chungu cha Chumvi, Mzinga wa Gome na Viwanda vya Buha

Historia ya viwanda mkoani Kigoma huanzia kwenye reli. Februari 1914 njia ya reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa na karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg mwaka 1913, ikaletwa ikiwa vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaungwa upya ufukweni na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni habari ya kusisimua na inastahili kuhifadhiwa. Ila ndani ya simulizi hiyo, nyanda za juu za Buha, yaani Kibondo na Kasulu pamoja na Kakonko na Buhigwe zilizomegwa humo mwaka 2012, zinaonekana kama chimbuko la manamba tu: vijana wa Kiha waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Kwamba Waha hao walitoka katika nchi iliyokuwa na viwanda vyake ni jambo lisilotajwa. Ninashikilia kwamba chungu cha kuchemshia chumvi, mvukuto wa mhunzi na mzinga wa gome ni mali halali ya makumbusho ya sayansi na viwanda, na kwamba kuviweka kwenye kabati la mila na desturi ni kosa la kihistoria lenye chanzo kinachojulikana.

Chanzo chenyewe ni uamuzi wa ofisini. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliagiza kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara ya serikali katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye Makumbusho ya Mataifa mjini Berlin. Hivyo jembe, mvukuto na chungu kutoka Afrika Mashariki vilikwishapangiwa rafu kabla mtu hajauliza vilifanya kazi gani. Mwaka 1903 Oskar von Miller alipoanzisha mjini Munich makumbusho ya mafanikio ya sayansi na ufundi, mashine za Ulaya zilipata nyumba yake, na huko mtazamaji akaelezwa joto, shinikizo na kasi. Vitu vyetu vilibaki Berlin, mtazamaji akielezwa kabila. Makumbusho yetu wenyewe, kuanzia ile ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, yalizaliwa ndani ya mgawanyo huohuo. Kadi inayosema "chungu, Waha" imemtaja mwenye chungu na kuinyamazia kazi ya chungu.

Tuitazame basi kazi hiyo. Mto Ruchugi huteremka kutoka upande wa Kasulu na kukutana na Malagarasi huko Uvinza, na jirani na makutano hayo kuna chemchemi za maji makali ya chumvi. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba hapo mwaka 1967, wakakuta majivu, vigae kwa wingi na mashimo yaliyosiribwa udongo, ushahidi kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6. Kazi ilifuata majira. Masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi; kiangazi maji yakishapungua, watu waliteremka kutoka Buha na wengine wakaja kutoka mbali zaidi, wakapiga kambi, wakakata kuni, wakateka maji na kuyachemsha vyunguni juu ya mafiga. Maji ya Uvinza ni makali na safi kiasi kwamba yaliweza kwenda motoni moja kwa moja, tofauti na Kibiro nchini Uganda, ambako wanawake hulazimika kwanza kuuchuja udongo wenye chumvi. Lakini usafi huo haukuondoa haja ya ujuzi. Maji ya chumvi yakichemka, aina ya jasi hutangulia kuganda, chumvi ya kula hufuata, na chumvichumvi chungu za magnesi hubaki katika maji ya mwisho. Asiyejua pa kukomea hutoa chumvi chungu isiyo na mnunuzi. Chumvi ya Uvinza ilikuwa na wanunuzi tele: wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliopita njia hiyo mwaka 1858, waliikuta ikisifiwa katika biashara ya nchi za ndani, na watawala wa Uvinza walichukua sehemu yao kwa kila aliyechemsha. Basi hapo pana malighafi, nishati, wafanyakazi wa msimu, kipimo cha ubora, soko la mbali na kodi. Sioni kiungo cha kiwanda kilichokosekana.

Atakayepinga atasema kilichokosekana ni mashine: kiwanda ni injini, na bila injini kuna kazi ya mikono tu. Pingamizi hili lina uzito, maana injini ilibadili kweli kiasi cha kazi ambacho watu wachache wanaweza kufanya. Hata hivyo halichori mpaka mahali linapodhani. Goetzen yenyewe ilikuwa meli ya mvuke iliyolishwa kuni, na Liemba iliendelea kwenda kwa mvuke mpaka injini za dizeli zilipofungwa miaka ya 1970. Tanuri la meli na mafiga ya Uvinza yaliishi kwa kuni za miti ileile ya miombo. Ikiwa makumbusho yanaweza kumweleza mgeni jinsi kuni zilivyogeuka mvuke na mvuke ukazungusha pangaboi, yanaweza pia kumweleza jinsi kuni zilivyoyakausha maji zikaacha fuwele, na zilitoka wapi kadiri msitu wa jirani ulivyopungua. Swali hilo la mwisho ni la lazima. Sitaki kuwapamba wazee wetu: kuchemsha chumvi hula misitu, na kiwanda kisichoonyesha gharama yake kimeelezwa nusu.

Pingamizi la pili husikika mara nyingi zaidi: ufundi huu ulikufa kwa sababu ulikuwa duni, bidhaa bora zikaushinda sokoni. Uvinza haithibitishi hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya Kijerumani iliikabidhi kampuni moja haki ya chumvi hiyo, kikajengwa kiwanda cha chumvi kilichoitwa Gottorp, na wachemshaji wa kiangazi wakaondolewa kwa nguvu ya sheria. Kiwanda kipya kilikalia chemchemi zilezile. Kumshinda mtu sokoni na kumfungia kisima ni mambo mawili tofauti, na makumbusho yanayoyachanganya hufundisha uongo. Kwa chuma nakubali kwamba mambo yalikwenda vingine: jembe la dukani, rahisi na linalopatikana mwaka mzima, lilidhoofisha uyeyushaji mahali pengi Afrika Mashariki. Mfano wa chuma hata hivyo unatufaa kwa jambo jingine. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao kwa majirani zetu Wahaya, wakidai kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walibisha, na ubishi huo ulidumu miaka mingi. Mimi naufurahia, kwa kuwa walibishana kuhusu joto, kaboni na mwendo wa hewa. Kitu kilichokuwa cha kabila kilikuwa kimeingia maabara.

Mzinga unahitaji maswali ya namna hiyo, nao bado unatumika katika misitu ya Kibondo na Kakonko. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, utomvu unapopanda na gome kuachia mti kwa urahisi. Huviringwa, hushonwa au kufungwa kwa kamba, ncha mbili huzibwa na tundu dogo likaachwa. Kisha huning'inizwa juu, mbali na siafu na nyegere. Nyuki hukilinda kizazi chao katika joto la karibu nyuzi 35, na ukuta wa mzinga huwasaidia kazi hiyo usiku wa baridi wa nyanda za juu. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na ndiyo sababu maofisa wa nyuki huhimiza mizinga ya mbao. Nta ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyouzwa nje kutoka Tanganyika ya magharibi, Mjerumani na Mwingereza wakihesabu mapato yake bandarini. Kwenye daftari la forodha mzinga ulikuwa uchumi. Kwenye kabati la kioo ukawa desturi.

Linabaki pingamizi la watunza makumbusho wenyewe: vitu ni vichache, na vilivyopo havina maelezo. Ni kweli, na sababu yake ni sehemu ya historia. Miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuzuia ugonjwa wa malale. Kuanzia 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha tena kwenda vijijini. Kila mara mahame yaliachwa nyuma, na pamoja nayo tanuri, mafiga na miti ya mizinga, vitu visivyobebeka kichwani. Kwa hiyo kukusanya vyungu zaidi hakutatosha. Kinachotakiwa ni kuandika mchakato mzima wakati wajuzi wangali hai: gome la mti gani, mwezi gani, kuni mizigo mingapi kwa chungu kimoja, nani aliteka na nani alichochea, chumvi ilifungwa ndani ya nini na ilibadilishwa kwa kitu gani. Sampuli ya maji ya Ruchugi, kigae chenye ukoko wa chumvi na gogo la miombo vingewekwa meza moja na kipande cha boila, na kadi zote zingejibu swali moja kwanza: kitu hiki kilifanya kazi vipi?