Idadi ya wakazi wa Thika na Ruiru: Sifa za 251,407 na 490,120

251,407 ni nambari nzima, witiri, yenye tarakimu sita. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa katika mji wa Thika, Kaunti ya Kiambu, kwenye sensa ya kitaifa iliyoanza usiku wa Agosti 24, 2019. Mji jirani wa Ruiru ulipata 490,120, ambayo ni shufwa.

Kihesabu, 251,407 ni zao la nambari tatu tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 13, 83 na 233. Kwa hivyo ina vigawo vinane tu. Anayetaka kuwagawa wakazi hao katika makundi yaliyo sawa pasipo mtu kusalia hawezi kuunda makundi mawili, matatu wala kumi. Hana budi kuanzia 13.

490,120 huonekana nyepesi mwanzoni. Hugawanyika kwa 2 mara tatu, kisha kwa 5, na kinachobaki ni 12,253. Hapo ndipo kalamu hukwama, kwa kuwa 12,253 ni tasa. Kuthibitisha jambo hilo kwa mkono ni kazi ya subira: yapasa kujaribu kila nambari tasa hadi 109. Haina haja kupita hapo, maana 111 ikizidishwa kwa 111 hutoa 12,321, ambayo tayari imezidi.

Hata hivyo, sifa yenye uzito kwa wakazi ni sahili kuliko hizo, nayo ni umbali wa nambari kutoka kiwango cha sheria. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilidai wakazi 500,000 ili mji uwe jiji. Kwa kipimo hicho Ruiru ilipungukiwa na 9,880. Marekebisho ya 2019 yaliteremsha kiwango hadi 250,000, na Thika ikakivuka kwa watu 1,407, yaani chini ya sita katika kila elfu. Laiti watu 1,408 wangekosa kuhesabiwa, idadi yake ingekuwa 249,999.

Mipaka nayo hubadilisha hesabu. Kaunti Ndogo ya Thika Magharibi, katika sensa iyo hiyo, ilikuwa na watu 245,820, pungufu ya kiwango kwa 4,180. Kaunti Ndogo ya Ruiru ilikuwa na 371,111, ilhali mji wenye jina hilo, uliopimwa kwa mipaka mingine, uliizidi kwa 119,009. Msomaji anayenukuu "idadi ya Ruiru" sharti aseme ni Ruiru ipi.

Wala idadi pekee haitoshi. Sheria hudai pia mpango wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato na miundomsingi ya kutosha. Eldoret, iliyokuwa na wakazi 475,716 mwaka 2019, ilitangazwa jiji Agosti 15, 2024. Ruiru iliizidi kwa watu 14,404.