Dawa ya Kupanua Mboni ya Jicho

Tetekuwanga huhesabiwa kuwa ugonjwa mwepesi, na kwa watoto wengi ni hivyo kweli. Zamani ulichanganywa na ndui, mpaka William Heberden, tabibu wa London, alipoonyesha mwaka 1767 kuwa ni maradhi mawili mbalimbali. Ubainisho huo ulipunguza hofu. Lakini wepesi nao una hadaa yake. Ndui ilipofusha wengi, basi macho ya mgonjwa yaliangaliwa. Mwenye tetekuwanga huangaliwa ngozi tu.

Mara chache, hata vipele vikiwa vimekwisha kukauka, jicho huwa jekundu, huuma na huchukia mwanga. Pazia la rangi lizungukalo mboni limepatwa na uvimbe. Likiachwa hivyo huweza kunata na kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake; mboni hupotoka umbo, na maji ya ndani yakizibiwa njia, shinikizo hupanda na nuru ya jicho huwa hatarini.

Kinga ya kugandamana huko ilitoka katika sumu. Wanawake wa Italia walitia machoni maji ya mmea uitwao belladonna, yaani mwanamke mzuri, ili mboni zao zipanuke. Mwaka 1753 Linnaeus aliuandika Atropa belladonna, kwa kumkumbuka Atropos, akataye uzi wa uhai katika visa vya Wayunani. Ni nadra jina la mmea kusema kweli kiasi hicho.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Karl Himly, tabibu wa Ujerumani, aliielekeza nguvu hiyo kwenye matibabu ya macho. Mwaka 1819 kijana Friedlieb Ferdinand Runge alimchukulia Goethe paka, mjini Jena, amwonyeshe mboni iliyopanuliwa kwa mmea huo. Goethe alipendezwa, akampa buni azichunguze. Ndipo ilipopatikana kafeini, lakini hiyo ni habari nyingine. Mwaka 1833 Geiger na Hesse walitangaza kuitenga atropini yenyewe, na tabibu akaweza kupima kipimo badala ya kukisia ukali wa majani.

Tone hilo haliui virusi wala halitoshi peke yake kuutuliza uvimbe. Hulegeza msuli ubanao mboni. Pazia husogea kando, na maumivu hupungua. Atropini huweza kuiacha mboni wazi kwa wiki nzima au zaidi, na mtoto akizidishiwa huiva uso, hukauka kinywa na huweweseka. Kwa hiyo kipimo ni cha daktari wa macho. Wakati nao una hesabu yake: pazia likishashikamana siku nyingi, huenda tone lisiweze kulibandua.