Risasi Moja, Silaha Mbili
Wengi huisifu bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 kwa kasi yake: mkono unasukuma wenzo chini, ganda tupu linaruka, wenzo ukirudi risasi mpya imeshaingia. Kwa maoni yangu, mfuga ng'ombe wa magharibi ya Marekani alivutwa zaidi na risasi yenyewe, kwani kuanzia 1878 kampuni ya Colt iliuza bastola iliyotumia risasi ileile, na mkanda mmoja wa risasi ukatosha kwa silaha mbili. Atakayepinga, akisema kasi ndiyo iliyokuwa muhimu, atataja mapigano ya Plevna ya 1877, ambako Waturuki waliwamiminia Warusi risasi za Winchester za 1866. Ni kweli, na mauaji yalikuwa ya kutisha. Lakini kwa masafa marefu Waturuki haohao walitumia Peabody-Martini, bunduki ya kupakia risasi mojamoja, maana risasi ya Winchester hizo haikuwa na nguvu ya kufika mbali.