Mpini wa Khanjari

Mwaka 2009 tulikuwa Guangzhou, Uchina, tukitafuta pampu na mabomba. Katika soko moja ambalo ukizunguka kutwa hulimalizi, muuzaji alituita pembeni, akatoa chini ya meza bangili na vijiti vya kulia vya pembe za ndovu. Hati yoyote hakuwa nayo. Tulitoka na hasira, tukisema: kumbe hawa ndio wanaotumalizia tembo wetu!

Hasira ile ilikuja kupoa Al Kamil wal Wafi. Tulikwenda kumpa mkono wa Idi mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964. Tulipomsimulia, alifungua sanduku, akatoa khanjari ya babu yake. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya ndovu, umegeuka rangi ya samli. Akatuuliza, "Na huyu, alikuwa tembo wa nani?"

Ndugu wasomaji, swali hilo linatuhusu sote. Majahazi ya Sur, bandari iliyo jirani na Al Kamil, yalishuka Unguja na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu. Yalirudi na kusi yakiwa na boriti, karafuu na pembe. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Pembe za Unguja zikaenda Bombay, na hata Connecticut kutengenezewa vibao vya piano. Kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo zilibebwa na binadamu, mabegani. Frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, si mzigo mdogo kwa safari ya miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, lakini wapo waliobeba wakiwa watumwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alitajirika kwa njia hiyo, na mabaki ya utajiri wa namna hiyo yamo katika masanduku yetu.

Mipini ya pembe ya kifaru ilithaminiwa zaidi. Mwaka 1970 faru weusi walikadiriwa 65,000. Kufikia 1995 walibaki kama 2,400. Pembe zao ziliishia Yemen kwenye majambia, na Asia ya Mashariki kwenye dawa. Tembo wa Tanzania nao walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Uchina ilifunga soko lake la pembe mwishoni mwa 2017. Oman ilikuwa imeshajiunga na mkataba wa kimataifa mwaka 2008.

Hatusemi khanjari ziachwe. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2022 kuwa urithi wa Oman, na urithi huo ni ufundi na heshima, si pembe.

Mjukuu wa mzee huyo, anayeishi Uingereza, aliiomba khanjari ya babu aivae harusini. Mzee alimtengenezea mpya, yenye mpini wa msandali. Ile ya zamani imebaki Al Kamil. Kuivusha mipaka bila hati ni kosa, na mwenyewe anasema imeshasafiri, inatosha.