Vibao vya Wahenga katika Nchi ya China

Mtu atakaye kuzifahamu desturi za Wachina na aanze nyumbani mwao, wala asianze barazani pa wafalme. Kwao jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu mwenyewe hufuata. Koo nyingi ziliandika vitabu vya nasaba, na mara nyingi ndugu wa kizazi kimoja hushiriki neno moja katika majina yao, hata asikiaye aweza kutambua ni nani aliye wa daraja la baba na nani wa daraja la mwana.

Confucius, aliyeishi miaka ya 551 hata 479 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtoto awaomboleze wazazi wake miaka mitatu, kwa kuwa miaka mitatu ya kwanza alibebwa mikononi mwao. Zamani hata maliwali waliacha kazi ya serikali ili kutimiza matanga hayo. Na kila mwaka, mwanzo wa mwezi wa Aprili, jamaa huenda makaburini kufagia na kupalilia. Siku hiyo yaitwa Qingming.

Nyumbani palikuwa na kibao cha mti kilichoandikwa jina la marehemu. Mbele yake watu walifukiza udi, wakaandaa chakula, wakainama mpaka chini. Je, huko kulikuwa kuabudu, au kuheshimu tu? Hapo ndipo ulipozuka ubishi mkubwa wa Wakristo.

Padre Matteo Ricci, Mjesuiti, alifika Macao mwaka wa 1582, akaingia Beijing mwaka wa 1601. Alijifunza vitabu vya wenyeji na kuvaa mavazi ya wanachuoni wao. Yeye aliamua kwamba mambo hayo ni adabu ya watoto kwa wazazi. Baada ya kufa kwake mwaka wa 1610, Wadominiko na wengine walipinga. Roma ilikataza mwaka wa 1645, kisha mwaka wa 1656 ikaruhusu, kwa kuwa kila upande ulilieleza jambo kwa namna yake.

Shina la ugomvi lilikuwa maneno. Vibao vingi viliandikwa kwamba hapo ni kiti cha roho ya marehemu. Tena waliulizana Mungu aitweje: Tian, yaani Mbingu, au Shangdi, Mtawala wa Juu, au Tianzhu, Bwana wa Mbingu. Kaisari Kangxi, aliyekwisha kuwapa Wakristo ruhusa mwaka wa 1692, alithibitisha mwaka wa 1700 kwamba desturi hizo ni za heshima tu. Mwaka wa 1706 alimwita Askofu Charles Maigrot, aliyezikataza katika Fujian, akamwonyesha herufi nne zilizoandikwa juu ya kiti chake cha enzi. Askofu hakuweza kuzisoma zote. Kaisari alighadhibika kwamba asiyejua kusoma awahukumu wenye kitabu, akamfukuza nchini.

Hata hivyo mwaka wa 1715 Papa Klementi wa 11 alikataza kabisa, akaacha jina la Tianzhu peke yake; kibao kikaruhusiwa endapo kina jina tupu la marehemu. Kangxi alipoisoma amri hiyo mwaka wa 1721 aliandika kwamba mahubiri yakomeshwe, na mwanawe Yongzheng akayapiga marufuku mwaka wa 1724. Benedikto wa 14 alikaza katazo hilo mwaka wa 1742. Waliopata taabu zaidi ni Wakristo wenyeji: wakiinama, waliasi Kanisa, wasipoinama, walihesabiwa kuwa watoto wasio na shukrani.

Tarehe 8 Desemba 1939 Roma iliruhusu kuinama mbele ya wafu, na mbele ya picha na vibao vyenye majina yao. Ilipita miaka 224 tangu amri ya Klementi. Basi, tukitaka kuhukumu tendo la watu, na tuwaulize kwanza wenyewe hulitaja kwa neno gani, na neno hilo lina maana gani vinywani mwao.