Arukavyo ndege, irukavyo ndege

Dukani Tarbaj, mpwa wangu alikuwa akipiga hesabu kwenye simu. Mama yake ameondoka Mogadishu saa mbili asubuhi. Hadi Nairobi ni kilomita 1,000. Ndege ya mapangaboi inakwenda kama 500 kwa saa. Basi saa nne awe ameshuka. “Abti, mbona sasa ni saa sita na simu haipatikani?”

Nikamwambia hesabu yake ni ya ndege mwenye manyoya.

Hapo Kiswahili kina bahati. Neno ni moja, ndege, lakini kiambishi kinatutenganishia. Umbali arukavyo ndege ni ule mfupi kuliko wote juu ya mgongo wa dunia, ambao wanajiografia huupima kwa duara kuu. Umbali irukavyo ndege ni njia ambayo chombo kilipita kweli. Herufi moja tu, a au i, na mambo yamebadilika.

Miaka hiyo ndege za abiria kutoka Mogadishu zilitakiwa kutua Wajir kwanza zikaguliwe. Ukipima, Mogadishu hadi Wajir ni kama kilomita 580, na Wajir hadi Nairobi kama 490. Jumla 1,070. Yaani mzunguko wote huo umeongeza kilomita 70, dakika nane au tisa za angani! Kwa umbali, Wajir iko karibu njiani. Muda ndio uliokuwa ukimezwa chini, abiria wanashuka, mizigo inakaguliwa, jua la Wajir linawaka.

Marubani wana kipimo chao, “block time”. Ukifasiri bloku kwa tofali umepotea. Ni vile vipande vinavyowekwa mbele na nyuma ya gurudumu ndege isiserereke, na sisi tunavyo seremalani na kwenye malori: kabari. Kwa hiyo mimi nasema muda wa kabari, tangu kabari zitolewe ndege ianze kutambaa uwanjani hadi zirudishwe mwisho wa safari. Tiketi hufuata muda huo, ndiyo maana huwa mrefu kuliko ule wa hewani.

Muda huo nao haufungwi na umbali. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York, Oktoba 28, 2018, ratiba iliandika saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Kilomita ni zilezile. Upepo wa juu ndio unaovuma kutoka magharibi.

Kwa dada yangu kulikuwa na vipande viwili, Mogadishu–Wajir na Wajir–Nairobi, kila kimoja na muda wake wa kabari. Ukaguzi ulianguka katikati, kabari zikiwa zimebana magurudumu, kwa hiyo haukuhesabiwa upande wowote.

Alipatikana saa saba kasorobo, yuko kwenye foleni ya pasipoti. Mpwa wangu akauliza foleni nayo tuiweke wapi.