Akiba ya Kisogoni: Somo la Historia kwa Anayetaka Kupandikiza Nywele

Upara haujawahi kuwa shughuli ya kinyozi peke yake. Umewasumbua hata wenye dola. Suetonius, aliyeandika maisha ya watawala wa Roma, anaeleza kwamba Julius Caesar alisononeshwa sana na upara wake, akawa anazichana nywele za utosini kuzileta mbele, na kwamba katika heshima zote alizotunukiwa hakuna aliyoifurahia kama haki ya kuvaa shada la majani kichwani wakati wote. Mwaka 1972 Seneta William Proxmire wa Marekani alipandikizwa nywele, na habari ikaenea nchi nzima. Agosti 2004 Silvio Berlusconi, Waziri Mkuu wa Italia, alimpokea Tony Blair kisiwani Sardinia akiwa amejifunga kitambaa kichwani kufunika kazi ya mpasuaji.

Leo jambo hili limefika kwetu. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi hufungua simu yake akakutana na tangazo la safari ya Istanbul: hoteli, usafiri kutoka uwanja wa ndege na upasuaji, vyote kwa bei moja. Wanafunzi na watumishi wa umma huniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni jambo la busara. Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa historia. Hata hivyo, naamini kwamba maswali mawili yanayowahusu, yaani nimchague mpasuaji gani na nitarajie nini, yamejibiwa kwa gharama kubwa na watu waliotutangulia. Makala haya yanakusudia kuyakusanya majibu hayo.

Tuanzie Japani. Mwaka 1939 tabibu wa ngozi Shoji Okuda alichapisha, kwa Kijapani, taarifa ya kazi aliyowafanyia wagonjwa waliopoteza nywele kwa makovu na ajali za moto. Kwa kitobozi kidogo cha duara alikata vipande vya ngozi yenye nywele, akavipanda katika matundu aliyoyatoboa mahali palipokuwa tupu. Nywele ziliota. Lakini vita vikuu vilikuwa vimeanza kuitikisa dunia, na madaktari wa Magharibi hawakuijua kazi hiyo kwa miaka mingi. Tukumbuke basi kwamba upasuaji huu ulianza kama tiba ya walioumia. Biashara ya kurudisha ujana ilikuja baadaye.

Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alieleza chanzo cha upara wa kawaida wa wanaume. Wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Walipopewa homoni ya kiume, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele. Upara, kwa hiyo, ni mkutano wa homoni, urithi na umri. Kisha akaja Norman Orentreich, tabibu wa ngozi wa New York, aliyefanya upandikizaji wake wa kwanza kwa upara wa aina hiyo mwaka 1952 na kuchapisha matokeo mwaka 1959. Alionyesha kwamba nywele za kisogoni na za kando ya masikio haziitii amri ile ya homoni, na kwamba ukizihamishia mbele huendelea kuishi kwa desturi za zilikotoka. Ni kama mhamiaji asiyeisahau lugha ya mama. Juu ya msingi huo ndipo upandikizaji wote wa leo ulipojengwa.

Ugunduzi ulikuwa sahihi, lakini matumizi yake yaliumiza wengi. Kila kipande kilichohamishwa kilikuwa na upana wa milimita 4 hivi na kilibeba nywele kumi na zaidi. Paji la uso likaota mafungu mafungu, kama miche ya mpunga iliyopandwa kwa kamba. Kosa hilo lilionekana kwa macho. Kosa kubwa zaidi lilichukua miaka kujitokeza. Kijana wa miaka ishirini na kitu alichorewa ukingo wa nywele wa chini, ulionyooka, kama aliokuwa nao akiwa mvulana. Upasuaji haukuuzuia upara wake kuendelea. Nywele zake za asili nyuma ya ukingo ule zikazidi kudondoka, na kufikia miaka arobaini akabaki na safu ya mafungu mbele, uwanja mtupu nyuma yake, na makovu kisogoni. Alipotaka kuliziba pengo, akakuta ghala limeishiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Kichwa cha binadamu kina nywele 100,000 hivi, lakini sehemu inayoweza kutoa bila kuharibika ni ule ukanda wa kisogoni na kandoni. Kwa mwanamume wa kawaida vipandikizi vinavyoweza kuvunwa maisha yote ni kama 6,000 tu. Wengine hupata zaidi, wengine pungufu. Hakuna nywele mpya inayoumbwa; kuna kuhamisha tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kisogoni nayo haiozi, ila huisha. Kuchora ukingo wa nywele ni kupanga bajeti ya miaka arobaini ijayo, na anayetumia yote mwaka wa kwanza ili apendeze hana tofauti na serikali inayokopa kujenga uwanja wa sherehe huku zahanati hazina dawa.

Mbinu ziliboreka. Mwaka 1984 John Headington alieleza kwamba nywele hutoka ngozini katika vifungu vya asili, kila kimoja kikiwa na unywele 1 hadi 4. Kuanzia mwaka 1988 Bobby Limmer, wa San Antonio, Texas, alitumia hadubini kuvitenganisha vifungu hivyo kutoka katika ukanda wa ngozi uliokatwa kisogoni, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1994. Mafungu ya miche yakatoweka. Mwaka 2002 William Rassman na Robert Bernstein wa Marekani walichapisha maelezo ya njia ya kung'oa kifungu kimoja kimoja kwa kitobozi cha milimita 1 hivi, bila kukata ukanda wala kushona. Wengine, Japani na Australia, walikuwa wameijaribu kabla yao.

Mbinu hii ya mwisho ilimpunguzia mgonjwa kovu refu, na wakati huohuo ikalifungua soko kwa watu wasio madaktari. Kukata na kushona kunahitaji mpasuaji. Kushika mashine ndogo inayozunguka kunaonekana kama kazi ambayo fundi yeyote anaweza kuelekezwa kwa wiki chache. Ndiyo maana Jumuiya ya Kimataifa ya Wapasuaji wa Kurejesha Nywele, iliyoasisiwa mwaka 1993, ilizindua mwaka 2019 kampeni ya kuwatahadharisha wagonjwa juu ya kliniki ambamo jina la daktari liko ukutani tu, huku mafundi wakifanya upasuaji. India ililipa bei kubwa zaidi. Mwaka 2016 mwanafunzi wa udaktari alifariki baada ya kupandikizwa nywele mjini Chennai, mahali palipokuwa na leseni ya saluni. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Udaktari ya nchi hiyo ikatoa mwongozo kwamba kazi hii ni ya madaktari waliofunzwa, na kwamba kutazama video mtandaoni si mafunzo. Inasikitisha kwamba jambo la wazi namna hiyo lilihitaji kuandikwa.

Historia hii inatupa maswali ya kumuuliza mpasuaji. La kwanza: nani atatoboa, na nani atachora? Jibu liwe jina la mtu mmoja aliyesajiliwa kama daktari, atakayekuwapo chumbani tangu ganzi hadi mwisho. Wasaidizi wanaweza kupanga na kuingiza vipandikizi chini ya macho yake. Kuchora ukingo, kung'oa na kutoboa matundu ni kazi yake mwenyewe. La pili: leo unafanya wagonjwa wangapi? Upasuaji wa vipandikizi 2,000 huchukua sehemu kubwa ya siku. Anayesema ana wagonjwa kumi anakuambia, bila kukusudia, kwamba hatakuwa nawe. La tatu: nionyeshe wagonjwa wenye nywele kama zangu, picha zao baada ya mwaka mmoja au zaidi, na picha za visogo vyao pia. La nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: ni nani umewahi kumkatalia, na kwa nini? Asiyewahi kukataa mteja ni muuzaji. Msikilize pia kama atauliza kuhusu baba zako na wajomba zako, na kama atazungumzia dawa za kupunguza kasi ya upara. Minoksidili iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 na finasteridi mwaka 1997, na upasuaji usioambatana na mpango wa kuzilinda nywele zilizobaki huacha kazi nusu.

Kuhusu matarajio, tuseme kweli. Ukingo wa nywele wa mwanamume mzima si mstari wa wembe wa kinyozi. Hupanda kidogo kwenye panja, hupinda hapa na pale, na safu yake ya mbele ni nywele moja moja zisizopangwa. Kwa kawaida mpasuaji makini huuweka kati ya sentimita 7 na 9 juu ya katikati ya nyusi, akiacha nafasi ya uso kuzeeka nao. Wingi wa asili haurudi. Nusu yake, ikipangwa vizuri, hutosha kulitosheleza jicho. Nywele zilizopandwa hudondoka katika wiki za mwanzo, huanza kuota miezi mitatu au minne baadaye, na hukumu ya kazi haitolewi kabla ya mwaka. Mwenye upara mpana hana budi kuchagua: paji la uso au utosi.

Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili kuna neema na mtihani. Neema ni kwamba unywele uliojikunja hufunika eneo kubwa, hivyo vipandikizi vichache huonekana vingi. Mtihani ni kwamba shina lake hupinda chini ya ngozi, na kitobozi kinachokwenda wima hulikata. Mpasuaji aliyezoea nywele zilizonyooka anaweza kuiharibu akiba yako asubuhi moja. Ngozi nyeusi pia huelekea zaidi kuota makovu yaliyovimba. Mwenye historia ya makovu hayo, au ya vile vipele sugu vya kisogoni, aombe jaribio la vipandikizi vichache kwanza, na akubali jibu la hapana. Kwa dada zetu waliopoteza nywele za panjani kwa misuko ya kukaza, upandikizaji unaweza kusaidia, mradi msuko wenyewe umeachwa. Wenye ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu wamwone kwanza tabibu wa ngozi. Kupanda juu ya ugonjwa ulio hai ni kupanda juu ya moto.

Mzigo huu wote usiachiwe mteja peke yake. Tuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ina baraza lake la madaktari na madaktari wa meno. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaweza kuhakikisha kwamba leseni ya saluni haigeuzwi kuwa leseni ya kisu, na kwamba tangazo la upasuaji linataja jina na namba ya usajili ya daktari. Wanaharakati waliozoea kudai uwazi wa mikataba ya madini wanaweza kudai uwazi huu pia, kwani anayeumia hapa ni raia yuleyule. Tusingoje Chennai yetu.

Na kwa kijana wa miaka 22 anayedaiwa amana leo ili asikose punguzo la bei: kichwa chako bado hakijasema kitakuwa na upara wa namna gani. Daktari akikurudisha nyumbani na dawa, picha za kulinganishia na miadi ya mwaka ujao, hajakunyima kitu. Ameiacha akiba yako mahali pake.